Mbaazi Chunguni, Vijiti Jikoni: Shamba Moja kwa Chakula na Kuni

Mvua za masika zikikaribia, swali linalosikika katika kila boma la Kilifi ni lile lile: tupande nini mwaka huu? Kuna swali la pili ambalo halitajwi sana barazani, lakini akina mama hulijibu kila asubuhi: leo tutapikia nini? Makala haya yanayachukua maswali yote mawili pamoja. Kwa mkulima mwenye ekari mbili au tatu, jibu la swali moja linaweza kulisaidia lile jingine au kuliharibu kabisa.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba nyumba 55 kati ya kila 100 nchini Kenya hupikia kuni, na nyingine kama 12 hupikia makaa. Waliokuwa wakitumia gesi ya mtungi walikuwa kama 24 kati ya 100. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, Nairobi na Mombasa zikiwemo. Ukiingia ndani Ganze au Magarini, mizigo ya kuni vichwani na magunia ya makaa kando ya barabara yatakueleza hali ilivyo bila takwimu.

Miti inayokatwa hairudi kwa kasi ya kukatwa. Ndiyo maana kwa miaka mingi wataalamu, serikali na wafanyabiashara wamekuwa wakisema: basi nishati ilimwe shambani kama mahindi yanavyolimwa. Wazo hilo si baya. Ubaya au uzuri wake unategemea ni zao gani, limepandwa wapi, na limechukua nafasi ya nini. Sisi wa Pwani tumeshaliona likienda kombo.

Mbegu isiyoliwa

Wengi watakumbuka mbono kaburi, au jatrofa kama ilivyoitwa kwenye mikutano. Kuanzia kama 2005 wakulima wa Kenya waliambiwa kwamba mmea huu unaota popote, hautaki maji mengi, mbuzi hawali, na mbegu zake zinatoa mafuta ya kuendesha gari. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Kisichosemwa ni kwamba mmea unaoishi bila maji si lazima uzae bila maji. Walioupanda kwenye udongo mkavu usio na rutuba walipata mbegu chache mno, na wachache waliopata mbegu hawakuwa na wa kumuuzia.

Mwaka 2009 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na wa kituo cha kimataifa cha kilimo mseto cha ICRAF, walikwenda kwa wakulima waliokuwa wameshapanda na kuhesabu mavuno na gharama. Ushauri wao ulikuwa wa wazi: mkulima mdogo asipande mbono kaburi shambani, si peke yake wala pamoja na mazao mengine. Mahali panapofaa ni kwenye ua wa boma, kazi ambayo mababu zetu walikuwa wakiupa mmea huo tangu zamani.

Karibu wakati huo huo kulikuwa na pendekezo la kufyeka maelfu ya hekta katika msitu wa Dakatcha, kule Magarini, ili papandwe mbono kaburi wa kutengenezea mafuta. Wakaazi na watetezi wa mazingira walilipinga, na shamba hilo kubwa halikuanzishwa. Dakatcha ni makao ya ndege mdogo wa jamii ya kwera ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika kaunti hii. Ni pia mahali ambapo watu hulima, hulisha mifugo na huchuma dawa. Ni vigumu kuona busara ya kukata msitu ili kupanda kuni.

Funzo la miaka ile si kwamba nishati ya mimea ni uongo. Ni kwamba zao lisiloliwa humwacha mkulima mikononi mwa mnunuzi mmoja. Mnunuzi asipokuja, hata kuku hawezi kulishwa mbegu zile.

Linganisha na yaliyowapata wakulima wa mbaazi. Mnamo Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi za Afrika Mashariki, iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ikaanguka na wakulima wakalalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini gunia la mbaazi lililokosa soko lilipikwa. Lililobaki likahifadhiwa, na vijiti vilivyosimama shambani vikawa kuni.

Kwa nini mbaazi

Mbaazi kwetu si zao geni. Mbaazi za nazi na mahamri ni chakula cha asubuhi kutoka Mtwapa hadi Malindi, ingawa mbaazi nyingi zinazopikwa mijini hazikulimwa hapa. Karibu moja ya tano ya uzito wa punje kavu ni protini, zaidi ya mara mbili ya ile ya mahindi. Kwa nyumba isiyonunua nyama kila wiki, hilo ni jambo kubwa.

Kazi nyingine ya mbaazi iko chini ya ardhi. Ukiung'oa mbaazi mchanga utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ndani yake mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mibaazi iliyostawi inaweza kuvuta kilo 40 za naitrojeni kwa hekta, yaani kama kilo 16 kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una kama kilo 13. Sehemu ya naitrojeni hiyo huondoka na punje tunazokula, kwa hivyo usitarajie mfuko mzima wa bure. Lakini kinachobaki kwenye majani na mizizi ni chako.

Mizizi yenyewe inaweza kwenda chini mita 2. Inafika penye unyevu ambao mahindi hayaufikii, na hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyokwama kwenye madini ya chuma udongoni. Ndiyo maana mbaazi unabaki kijani wakati shamba lote la jirani limekauka.

Kisha kuna shina. Mbegu za kienyeji, zinazochukua miezi tisa au zaidi, hutoa mti mrefu kuliko mtu, wenye shina gumu. Kilo moja ya vijiti vikavu vya mbaazi ina joto linalokaribia la kilo moja ya kuni za kawaida. Tofauti ni kwamba vijiti ni vyembamba, hushika moto haraka na huisha haraka, kwa hivyo anayepika hawezi kuuacha moto na kwenda zake. Kwa chai, ugali na mboga vinafaa sana. Kwa maharagwe ya saa tatu utahitaji gogo la kusaidia.

Namna ya kupanda

Mbaazi hauhitaji shamba lake peke yake, na hapo ndipo faida yake ilipo. Miezi miwili ya kwanza hukua polepole sana, hata anayeuona mara ya kwanza hudhani umekufa moyo. Muda huo mahindi ndiyo yanayochukua mwanga na maji. Mahindi yakivunwa, mbaazi hupata nafasi na kuanza kupanda juu kwa unyevu uliobaki chini. Mazao mawili yanatumia ardhi moja kwa nyakati tofauti.

Panda yote mawili siku moja, mvua za masika zinaposhika. Mpango unaowafaa wengi ni mistari miwili ya mahindi kisha mmoja wa mbaazi, shimo na shimo la mbaazi likiwa na nafasi ya kama nusu mita. Weka punje mbili au tatu kwa shimo, kisha punguza baadaye. Ukibananisha ili upate kuni nyingi, utapata vijiti vyembamba na mahindi dhaifu, na utakuwa umepoteza vyote viwili.

Uchaguzi wa mbegu unahitaji uamuzi. Mbegu ya muda wa kati kama KAT 60/8, iliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani, hukomaa kwa miezi mitano au sita. Inakwepa ukame wa mwisho wa mwaka na inaleta chakula mapema, lakini shina lake ni dogo. Ya kienyeji inachelewa, ila inakupa mti. Mwenye ekari mbili anaweza kugawa: mbegu ya haraka karibu na nyumba, ya kienyeji mipakani na sehemu ya mbali. Tungependelea ugawaji huo kuliko kuweka kila kitu kwenye mbegu moja.

Adui wakubwa ni wawili. Viwavi huingia kwenye maganda wakati wa maua na kula punje changa, kwa hivyo kagua shamba kila baada ya siku mbili tatu maua yakianza. Wa pili ni mnyauko, ugonjwa wa kuvu wa udongoni: mti hunyauka ukiwa na maji chini, na ukipasua shina utaona mistari ya kahawia. Hauna dawa ya kupuliza. Ng'oa miti iliyougua na kuichoma, kisha usirudishe mbaazi hapo kwa misimu kadhaa.

Chukua mti, acha jani

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi tunaikosea. Mkulima anapovuna mbaazi hukata mti mzima, huubeba nyumbani na majani yake, huyapukuta uani, kisha huyafagia na kuyachoma. Amechukua kuni, na amechukua pia mbolea.

Naitrojeni nyingi ya mmea imo kwenye majani, maua yaliyoanguka na mizizi. Kwenye shina ni kidogo. Ukichoma shina hupotezi mengi. Ukichoma jani, naitrojeni yake inapanda na moshi, na majivu hayawezi kuirudisha. Majivu yana potasiamu na fosforasi kidogo, na yanafaa kurudishwa shambani, lakini yale yaliyokwenda na moshi yamekwenda.

Kwa hivyo kata, usin'goe, isipokuwa mti ukiwa mgonjwa. Mizizi ioze ilipo. Pukuta majani shambani kabla ya kubeba vijiti. Kama unataka mti uchipue tena, kata kwenye urefu wa goti na uache matawi machache. Mbegu za kienyeji hukubali, ingawa mavuno ya mwaka wa pili mara nyingi hupungua na magonjwa huongezeka. Vijiti vifunge mafungu, uvisimamishe mahali pakavu penye upepo. Kijiti kibichi kinatoa moshi mwingi na joto dogo, na moshi huo unaingia kwenye mapafu ya anayepika na ya mtoto aliye mgongoni.

Mabua ya mahindi ni jambo jingine. Wapo wanaoyachoma shambani ili kusafisha, na wapo wanaoyabeba yote jikoni. Kwenye udongo wetu wa mchanga, hasa ukanda wa karibu na bahari, hayo yote mawili ni hasara. Bua likilazwa kati ya mistari linazuia jua kukausha udongo na linapunguza nguvu ya matone ya mvua. Kama una ng'ombe, wape sehemu, kisha samadi irudi. Ukitaka kuchoma kitu cha mahindi, choma magunzi. Gunzi halina rutuba kubwa, linachelewa kuoza, na linawaka vizuri. Wanaoyatupa jalalani wanatupa kuni.

Hesabu ya nyumba yako

Usikubali maneno ya mtu, pamoja na yetu, kwamba zao fulani litamaliza shida ya kuni. Pima. Kwa wiki moja weka kando kuni kavu unazotumia na uzipime kwa mizani ya dukani, kabla hazijaingia jikoni.

Tuchukue mfano. Nyumba inachoma kilo 6 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 2,190, zaidi ya tani mbili. Nusu ekari ya mbaazi iliyochanganywa na mahindi ikitoa kilo 500 za vijiti vikavu, nyumba hiyo imepata kuni za siku 83. Si mwaka mzima, lakini ni karibu miezi mitatu ambayo hakuna anayekwenda msituni. Nyumba hiyo hiyo ikiacha mafiga matatu na kujenga jiko la udongo lililozibwa pembeni, na matumizi yakashuka hadi kilo 4 kwa siku, vijiti vile vile vitafika siku 125. Ongezeko hilo la siku 42 halikuhitaji hata shimo moja zaidi la mbaazi.

Nambari zako zitakuwa tofauti. Jambo la kuangalia ni pengo linalobaki, na namna ya kulijaza bila kupunguza chakula.

Mwenye minazi ana kifuu, ambacho kinaungua kwa moto mkali wa muda mrefu na kinatoa makaa mazuri. Makumbi nayo huwaka, ila ni bora kwanza kuyatumia kuzunguka miche ili kuhifadhi maji. Mwenye mpaka mrefu anaweza kupanda mvinje. Wakulima wengi wa Kilifi wanaujua kwa boriti na nguzo, lakini matawi yake yanayokatwa wakati wa kupogoa ni kuni safi, na mizizi yake pia huvuta naitrojeni. Miche ya miti inayofaa sehemu kavu za Ganze na Magarini, kama mukau, ni vyema kuiulizia kituo cha KEFRI pale Gede. Kuhusu muhogo, minazi na mikorosho, kituo cha KALRO cha Mtwapa ndicho chenye uzoefu.

Bayogesi, kwa wenye maji

Bayogesi inasifiwa sana kwenye maonyesho ya kilimo, na inastahili, kwa sababu haichukui rutuba: gesi inapikia, na tope linalotoka bado lina naitrojeni na linarudi shambani. Lakini kuna masharti. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa kama lita 40 za gesi, na nyumba ya watu sita hutaka kama lita 1,500 kwa siku. Hiyo ni karibu kilo 38 za kinyesi kila siku, ambazo ng'ombe wawili au watatu wa kufungiwa zizini wanaweza kutoa. Ng'ombe wa kuchunga anaacha nyingi malishoni. Na kila kilo huchanganywa na maji kiasi kama hicho. Pale ambapo mtungi wa lita 20 unabebwa kilomita mbili, mtambo utakauka mwezi wa kwanza. Mwenye ng'ombe wa maziwa na mfereji uani na aufikirie kwa uzito.

Akija mtu na mkataba

Wanunuzi wa mbegu za mafuta wamerudi nchini. Tangu 2022 kampuni ya Italia ya Eni imekuwa ikikamua mbegu za mafuta huko Makueni, zikiwemo za mbarika, na mafuta hayo husafirishwa Italia kutengenezwa nishati. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, unaota vizuri Pwani, na karibu nusu ya uzito wa mbegu yake ni mafuta. Hatusemi usiupande. Tunasema uupande ukijua.

Kwanza, mbegu zake ni sumu. Punje chache zikitafunwa zinaweza kumuua mtoto, na mashudu yanayobaki baada ya kukamua hayalishwi mbuzi wala kuku. Yakirudi kwako, ni mbolea tu. Usizikaushe kwenye mkeka uliotumika kwa mahindi, wala kuziweka ghala moja na chakula.

Pili, uanzie mpakani au kwenye kipande ambacho hakikuwa kinakulisha. Mkulima anayeng'oa mahindi ili kupanda mbarika ameweka chakula cha watoto kwenye bei ambayo haipangi yeye.

Tatu, uliza kabla ya kutia sahihi. Bei kwa kilo imeandikwa, au inasemwa tu? Mbegu ni ya bure au ni mkopo utakaokatwa? Mzigo unapokelewa wapi, na nani analipa gari? Fedha zinalipwa siku ya kupima au baadaye? Msimu ukifeli, deni linabaki kwa nani? Mtu mkweli hatakasirikia maswali haya. Akikwambia tia sahihi leo kwa sababu nafasi zinaisha, mwache aende.

Na kama ardhi inayotakiwa ni ya jamii, mwenyekiti au mzee mmoja hawezi kuitoa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano uliofuata utaratibu. Karatasi iliyotiwa sahihi na watu watano chini ya mwembe haitoshi.

Afisa wa kilimo wa wadi yako anaweza kuusoma mkataba pamoja nawe, na pia kukueleza mbegu ya mbaazi inayofaa udongo wa kwako. Mwendee mapema kabla mvua haijashika, maana wiki ya kwanza ya kupanda huwa yuko mashambani na kumpata ofisini ni bahati. Kama unatumia mbegu yako ya mwaka jana, chagua sasa punje za miti iliyozaa vizuri na isiyonyauka, uzitenge na zile zilizotobolewa na wadudu, na ujaribu kumi kwenye kitambaa chenye maji. Zikiota nane au zaidi ndani ya wiki, panda. Zikiota chini ya hapo, ongeza punje kwa shimo au tafuta mbegu nyingine.